Alijaribu kwa mpingo, mimi nikasafiri na chuma

Kama una bastola ya leseni, una pikapu, na kuna fundi wa Mtwara mjini amekuangalia akasema "hiyo kazi ya nusu saa tu, mzee wangu", washa gari uondoke. Jina la gereji sitaji. Wanaoijua wataijua kwa hilo neno la nusu saa.

Nauza bati na saruji, duka moja Mtwara, lingine Newala. Msimu wa korosho wakulima wakishalipwa, bati hazikai dukani, kila mtu anaezeka. Hela ya korosho siku hizi inaingia benki, lakini ikishatoka huko inakuja kwangu taslimu, na mara nyingi mimi ndiye ninayerudi nayo Mtwara giza likiingia. Ndiyo maana nina bastola. Kiunoni inanichosha: mkanda wa gari unaikandamiza kwenye nyonga, na kwa kitambi hiki hata kuifikia ni shughuli. Nikaona nifunge mkoba wake ndani ya gari, chini ya dashibodi, upande wa mlango wangu, mkono wa kulia unapoanguka wenyewe.

Mkoba nilinunua Dar es Salaam. Ni wa plastiki ngumu, umefinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe, unaziba triga yote na ukiingiza unasikia "tak". Huo sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni skrubu nne.

Siku ya kwanza fundi alinikera kabla hata hajashika drili. "Niachie hiyo silaha nipimie, utaikuta jioni." Yaani nimwachie bastola kama mtu anayeacha tairi lizibwe pancha! Nikamweleza kwamba leseni ni yangu, si ya gereji, silaha haiachwi kwa mtu na haiachwi ndani ya gari. Akacheka, akawaambia vijana wake, "Mzee anadhani tutaenda kuwinda nguruwe." Nikameza.

Hapo nikajiona mjanja. Nina jirani mchongaji, Mmakonde wa kazi hasa, nikamwomba anichongee bastola ya mti kwa vipimo vya ile yangu. Akatumia kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kinyago. Kazi aliyoifanya, wacha tu! Ile mikwaruzo ya kwenye mshikio ameichonga yote, mpaka mke wangu alipoiona mezani alishtuka. Ikaingia kwenye mkoba na "tak" yake vilevile. Nikampelekea fundi hiyo, chuma changu kikabaki kwenye sefu.

Nusu saa kweli ikawa nusu saa. Akatikisa, akagonga dashibodi kwa ngumi, akazunguka na gari mtaani akapita matuta mawili, ule mti haukusogea. Akachukua elfu sitini yake. Nikamsifu, nakiri. Niliwaambia watu wawili waende kwake.

Wiki moja hivi baadaye, labda mbili, narudi kutoka Newala na mpwa wangu. Tumeshapita Tandahimba, kipande cha vumbi, mchepuko wenye makorongo, na mbele yetu fuso imesheheni magunia ya korosho inatimua wingu jekundu. Gari likadunda mara moja tu. Nikasikia kitu kimenipiga kwenye mfupa wa mguu, halafu kishindo sakafuni. Fuso ikawasha taa za breki. Nikakanyaga breki yangu, breki ikagoma. Haikushuka. Chini ya pedali kuna kitu kigumu, na hicho kitu ni bastola yangu ikiwa ndani ya mkoba wake, na mkoba umeng'oka na skrubu zake zote nne.

Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikakata usukani kushoto, tukaishia kwenye mikorosho ya watu. Kioo cha pembeni kilibaki kwenye tawi. Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Mjomba, hiyo kitu haiwezi kulia?" Nikamwambia haiwezi, triga imezibwa na chemba huwa naiacha tupu. Nilisema kwa sauti ya mtu mzima, lakini mikono haikunisikiliza, funguo ilinishinda kuzungusha.

Tukawasha tochi ya simu. Jamaa alifunga skrubu kwenye plastiki tupu. Plastiki ya dashibodi, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole inaitikia! Nyuma yake, kama upana wa vidole vitatu hivi, kuna pleti ya chuma kabisa, hakuigusa. Matundu manne yalikuwa yamepanuka yamekuwa kama macho ya kitunguu. Kila mdundo wa barabara ulikuwa unayakula kidogo kidogo, na mimi napita na redio yangu.

Kesho yake asubuhi nikaenda. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamwekea mkoba na skrubu mezani, karibu na chapati. Akaangalia, akaendelea kutafuna.

"Ulipita wapi, mzee wangu?"

"Barabara ya Newala."

"Basi kaiulize barabara ya Newala."

Vijana wakacheka. Mimi nina watoto wakubwa kuliko yule. Shikamoo yenyewe hakutoa, na hata kusimama hakusimama. Nikamuuliza kwa nini hakufunga kwenye chuma. Ndipo akasema neno ambalo mpaka leo nikilala linanirudia: "Mimi uliniletea mti, nikafunga mti. Chuma uliniletea lini?"

Nilikosa jibu. Kinachoniudhi zaidi ya kioo na zaidi ya elfu sitini ni kwamba nilikosa jibu. Nilirudi nyumbani nikaviweka kwenye mizani ya jikoni. Mpingo ni mti mzito, ukiutia kwenye maji unazama, lakini ule wa jirani yangu haukufika hata nusu ya uzito wa bastola ikiwa na risasi zake. Alijaribu kwa kitu chepesi, mimi nikasafiri na kizito. Na kile chepesi nilimpelekea mwenyewe, tena kwa majivuno.

Lakini hapana. Fundi ni yeye. Mimi nauza bati, mteja akiniambia anaezeka kwa geji nyembamba mahali penye upepo wa bahari namwambia baba hapo utalia. Yeye alijua kinachokwenda kukaa pale ni chuma, aliiona kiunoni kwangu, akaiomba! Mtu akikuletea kigezo si unaongeza akili yako juu yake? Sifuri. Mkoba nyota tano, fundi sifuri.

Baadaye nilikwenda kwa mchomeleaji wa mageti, mtu asiyejua lolote la bastola. Aliuliza swali moja tu, "Inabeba kilo ngapi?" Nikamjibu haifiki kilo moja. Akasema basi tufanye kumi. Akakata ubapa wa chuma, akaukunja, akaushika kwa bolti mbili kwenye ile pleti ya ndani, nati na washa nyuma, akaniambia nining'inie. Nikauvuta kwa mikono miwili, gari zima likatikisika. Alichukua elfu kumi na tano. Msimu mzima umepita, njia ileile, haujalegea. Wenye gari za karibuni angalieni kwanza kama kuna mfuko wa hewa wa magoti chini ya usukani, kwa sababu kitu kigumu kikikaa mbele yake, siku ya ajali kinakurukia wewe. Pikapu yangu ni ya zamani, haina hayo mambo.

Mke wangu anasema ningerudi tu kuivaa kiunoni nikapunguza kitambi. Huenda ana hoja. Kuna siku nimesimama foleni ya mafuta, mtoto wa muuza karanga anachungulia dirishani, nikajikuta nimeweka gazeti juu ya mkoba. Kiunoni shati lingefunika.

Ile bastola ya mpingo iko sebuleni juu ya kabati. Wageni wanaiomba.

Na nyota zile za fundi, niweke moja. Kiyoyozi cha pikapu kimekufa tena, nimezunguka mafundi watatu, kila mmoja ananijazia gesi inatoka baada ya siku mbili, na mjini hapa anayekiweza hicho kiyoyozi ni yeye peke yake. Jumatatu nampelekea. Nimeshampigia, ameniambia ni kazi ya nusu saa.