Nililipa nionyeshwe Uhuru Park, nikaonyeshwa mahali pa kupigia picha

Ukitaka kwenda Uhuru Park, bustani ya Nairobi, nenda mwenyewe, na usimlipe mtu akutembeze. Huo ndio ushauri wangu, na ninauandika nikiwa bado na hasira ingawa siku zimepita.

Tangazo niliona mtandaoni: ziara ya kutembea kwa miguu, historia na vivutio vya Uhuru Park, mwongozaji mzoefu, watu wachache. Kampuni yenyewe sitaitaja kwa sababu shangazi amenikataza. Nilituma pesa kwa M-Pesa kwa ajili yake zaidi ya yangu. Shangazi, dada ya baba, alifanya kazi Nairobi miaka mingi kabla hajarudi Murang'a, na tangu bustani ifungwe 2021 ili ikarabatiwe hakuwa amekanyaga pale. Alikuwa amekuja mjini kuonana na daktari wa magoti. Nikaona nimpeleke mahali anapopapenda, asikie mtu akimweleza mambo kwa ufasaha huku akijipumzisha.

Kundi letu lilikuwa na vijana wa chuo, wanandoa kutoka Mombasa na familia moja ya Arusha. Mwongozaji alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya kusikika mbali. Tulianzia ziwani, penye mashua, na hapo sina la kumlaumu. Alisema vizuri kwamba Mzee Jomo Kenyatta ndiye aliyeifungua bustani tarehe 23 Mei 1969, akatupandisha mlimani hadi pale ambapo mji wote unakuja mbele yako kwa mpigo, jumba la KICC na maghorofa mengine yakiwa yamejipanga nyuma ya miti. Yule mama wa Arusha alishangaa kwamba katikati ya jiji lenye kelele vile kuna nyasi nyingi hivyo, na watu wamelala usingizi mchana kweupe bila wasiwasi. Mimi mwenyewe nilijisikia mtu wa Nairobi kweli. Kama ziara ingeishia pale, ningeandika mengine.

Lakini hapo mlimani ndipo nilipogundua kuna mpiga picha anayetufuata. Si wale wapiga picha wa Uhuru Park tunaowajua tangu utotoni, waliopiga picha za familia nzima za sikukuu. Huyu alikuwa mtu wao, na kila picha ililipiwa kando. Kuanzia hapo kila kituo kikawa cha picha. Simameni hapa, geukeni, chekeni, haya twende.

Tukafika kwenye jukwaa. Mwongozaji akasema, "Hapa ndipo marais huapishwa," na akaanza kupanga watu kwa picha. Basi. Hicho ndicho tulichopewa kwa pesa yetu. Na hata hicho si kweli, maana 2013, 2017 na 2022 marais waliapishwa uwanja wa michezo wa Kasarani, na mtoto wa darasa la nane anajua. Pale jukwaani tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta baada ya ajali ya gari, na bustani imefurika watu mpaka juu ya miti. Gari la Moi, rais aliyekuwa akiondoka, lilitupiwa matope siku hiyo. Pale pale tarehe 27 Agosti 2010 Kibaki aliidhinisha katiba tunayoitumia leo. Pale pale Januari 2018 Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, alijiapisha kuwa rais wa wananchi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa hapo bustanini Agosti 1985. Haya si mambo ya kuchimbwa maktabani. Kwa kitu ambacho mtu amelipia kwa jina la historia, yangetosha dakika tano tu, na watu wangemsikiliza, kwa sababu yule baba wa Mombasa alikuwa ameanza kuuliza maswali. Aliambiwa atauliza mwishoni. Mwisho haukufika.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonivunja moyo lilitokea tulipokuwa tunashuka upande wa kona inayotazama Uhuru Highway na Kenyatta Avenue, ile inayoitwa Freedom Corner. Shangazi alikuwa nyuma kidogo kwa sababu ya magoti. Akamwita kijana kwa upole, "Mwanangu, hapa tusimame kidogo. Waeleze wenzetu mambo ya akina mama."

Jibu alilopewa nalikumbuka neno kwa neno. "Mathe, hiyo ni siasa ya kitambo. Hapo hakuna kitu cha kuona. Usitucheleweshee watu."

Mathe, kwa lugha ya vijiweni. Mwanamke wa umri wa mama yake mzazi, pengine bibi yake, aliyemwita mwanangu. Na akaongeza kasi.

Sasa nieleze kwa nini damu ilinichemka. Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga katika bustani hiyo jengo la ghorofa 60, makao ya gazeti la chama, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Mwanamazingira Wangari Maathai akapinga. Aliandika barua kwa kila mkubwa aliyemfikiria, mpaka kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama wangekubali jengo la namna hiyo lisimamishwe Hyde Park. Wabunge walimkejeli bungeni. Shirika lake la kupanda miti, Green Belt, likafukuzwa ofisini. Moi mwenyewe akasema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza. Wafadhili wakajitoa, jengo likafa, na ndiyo maana leo kuna nyasi za kulalia na ziwa la kupigia makasia. Bila mama huyo, kampuni ya ziara isingekuwa na bustani ya kuuza.

Halafu mwisho wa Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu, mamake Koigi wa Wamwere, walikaa katika kona hiyo wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na gesi ya kutoa machozi na virungu. Maathai alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Baadhi ya kina mama wale wakavua nguo mbele ya polisi, na kila aliyelelewa na wazee anajua uzito wa mama kumvulia nguo kijana wa umri wa mwanawe. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, ng'ambo ya barabara, wakaendelea kudai watoto wao huko kwa muda wa mwaka hivi. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliachiliwa.

Shangazi alikuwepo. Si kama kiongozi, hapana. Alikuwa akipita jioni baada ya kazi, ananunua maji, anakaa na kina mama wale, anaimba nyimbo za kanisani hadi giza. Siku ya virungu alikimbia akiwa na kiatu kimoja. Nyumbani tulikua bila kusikia habari hiyo, kwa sababu miaka ile mtu hakusimulia mambo kama hayo mbele ya watoto. Ndilo jambo alilotaka lisemwe, na hata hakutaka kulisema yeye, alimwachia mwenye kazi yake. Akanyamazishwa. Katika kona ile ile!

Nilitaka kumjibu yule kijana mbele ya watu wote. Shangazi akanishika mkono.

Hatua chache mbele kuna mnara wa mashujaa wa Mau Mau, uliozinduliwa Septemba 2015. Serikali ya Uingereza ndiyo iliyougharimia, baada ya kukubali 2013 kuwalipa fidia wazee walioteswa kizuizini. Kuna sanamu mbili, mpiganaji na mwanamke anayempa chakula. Mwongozaji akawaambia wageni wapange mstari wa picha. Kijana mmoja wa chuo akauliza mbona wale wawili hawatazamani, wamekosana? Mwongozaji akacheka, akasema labda mke na mume wametoka kugombana.

Hapo shangazi hakuvumilia. Hakupaza sauti. Akasema, "Hawatazamani ili akikamatwa mmoja, asiweze kusema alimwona nani." Akaeleza jinsi wanawake walivyopeleka chakula msituni wakati wa hali ya hatari, na jinsi mtu alivyoteswa ataje uso aliouona. Mamake mwenyewe alibeba viazi kwenye kikapu cha mboga. Watu wote wakaja kumzunguka. Yule mama wa Arusha akatokwa na machozi, wanafunzi wakaacha simu zao. Kisha baba wa Mombasa, Mungu ambariki, akamwambia, "Shikamoo mama. Lile la kona tulilopita, tafadhali turudishe utueleze."

Tukarudi. Sote. Shangazi akaketi kwenye nyasi, magoti yake yalikuwa yamechoka, akasimulia yale niliyoandika hapo juu na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu ni yake. Mwongozaji alisimama mbali akiangalia saa. Mpiga picha wake ndiye aliyekuja kusikiliza, kamera ameiweka mfukoni.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ziara ilikuwa mbaya, sijui tena niseme nini. Sijawahi kuwa na alasiri nzuri kama ile katika jiji hili ninaloishi. Nilimjua shangazi yangu upya. Ila hakuna hata shilingi moja ya hayo iliyotoka kwa yule niliyemlipa, na nikifikiria hivyo hasira inarudi palepale. Fikiria wangapi wamepitishwa hapo bila shangazi. Wanarudi kwao na picha za mnara na hawajui mnara unasema nini.

Ushauri wangu wa mwanzo basi naurekebisha. Usiende mwenyewe. Nenda na mtu mzima aliyeishi Nairobi miaka ile, umwulize, umsubiri anapotembea polepole. Anzeni Freedom Corner na si ziwani. Na kama ni lazima ukodi mwongozaji, mpigie simu kwanza umwulize kona hiyo ina habari gani. Akisita, usitoe pesa yako.

Kampuni ilinitumia ujumbe baadaye ikiniomba niipe nyota tano. Nimeijibu kwa kirefu na kwa adabu, nikadai kijana huyo aje amwombe shangazi radhi. Bado sijapata jibu. Shangazi anasema niache, kijana hakufundishwa, na akifika Murang'a atamkaribisha chai na kumweleza. Yeye ameshamsamehe. Mimi nataka kwanza nisikie akimwita mama.