Magurudumu na breki za ndege ya kujijengea: anza na joto, bei baadaye

Mambo vipi wadau, leo mezani nina magurudumu na breki za wale wanaojijengea ndege wenyewe, mfano RV-7 ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani. Najua mnataka bei, lakini subirini kidogo, tuongelee joto kwanza, maana breki kazi yake ni kuugeuza mwendo kuwa joto, basi.

RV-7 ikijaa ni kilo 816. Ukikanyaga breki ukiwa kilomita 90 kwa saa, mwendo huo una nishati ya kama kilojuli 255 (kilojuli ni kipimo cha nishati), ukiwa 110 inafika 380! Gawa kwa mbili, kila upande na mzigo wake, halafu ndo ufungue katalogi uangalie hiyo breki imepimwa kubeba kiasi gani. Na wenye RV-7A, ile yenye tairi la mbele, msikilize vizuri, tairi lenu la mbele linazunguka tu lenyewe halina usukani, kona mnakata kwa kukanyaga breki ya upande mmoja, kwa hiyo upepo ukipiga ubavuni mnafika mwanzo wa njia ya kurukia diski zishachemka tayari.

Sasa tuje kwenye kampuni za breki. Hii Cleveland, ona pedi zake zimepigwa riveti, ikibaki milimita 2.5 unatoa unapiga nyingine, kazi nyepesi na speya zipo kila mahali. Matco ya Utah nayo ni nzuri kwa ndege nyepesi na haiumizi mfuko. Beringer ya Ufaransa, aisee, rimu yake haitumii tyubu na pedi unachomoa tu bila riveti, ila bei iko juu. Mimi kwa RV-7 ya kawaida nachukua Cleveland, hela inayobaki naweka kwenye mabomba mazuri ya breki, yale ya plastiki karibu na kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski) siyataki kabisa kwa sababu yanayeyuka, oili inamwagikia diski ya moto na moto unawaka ndani ya kava la gurudumu.

Kwa sababu hiyo hiyo, oili nyekundu ya breki ya aina ya 5606 inashika moto mapema, weka aina ya 83282, hiyo inavumilia zaidi ya nyuzi 200 na raba za ndani ya breki ni zilezile. Ya gari, DOT, usichanganye humo hata tone, inaharibu raba.

Haya, andika hapo chini ndege yako ina uzito gani na unatua kwa mwendo gani, tupige hesabu pamoja.