Midowea iliyokazwa au inayojirekebisha?
Tuseme mizani za samaki ufukweni Dunga, Kisumu, zinatuma uzito wa kila mzigo kwa seva ya mjini. Katikati hukaa midowea, programu inayoziunganisha mashine za kila aina.

Midowea ya kawaida, iliyokazwa, kama zile za CORBA, kiwango cha 1991 cha kuunganisha programu za mashine tofauti, huficha hali ya mtandao. Ni raha, mpaka mvua ya jioni ivuruge intaneti: mizani inasukuma data vile vile, inasubiri jibu, inakwama.

Midowea inayojirekebisha hupima mtandao. Kasi ikishuka hubana data, huipanga foleni hapo hapo kwenye mizani au hubadilisha itifaki (kanuni za mawasiliano) bila kuzimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walijenga midowea ya Open ORB kwa wazo hilo: sehemu za ndani zichunguzwe na kubadilishwa zikiwa kazini. Lakini upimaji wenyewe hula betri, na hitilafu husumbua kuifuatilia, maana mfumo wa asubuhi si ule wa jioni. Vizingiti, yaani viwango vya kuamua lini ibadilike, vikikosewa, hugeuka-geuka kama kinyonga na kazi haiendi.

Ofisini penye faiba nisingejisumbua nayo. Ufukweni ningeichukua, kwa kanuni mbili tatu tu za kujirekebisha.