Swichi nyuma ya mlango: yaliyonikuta na programu ya kuchorea

Jina la programu silitaji. Siogopi mtu, ila leseni niliyolipia bado haijaisha na mpaka leo naitumia, kwa hiyo nikiitaja mtanicheka mara mbili. Ni programu ya kompyuta ya kuchorea michoro ya kila aina: unavuta alama kutoka pembeni, unaibwaga kwenye karatasi, unaunganisha kwa mistari. Inataka kompyuta ya namna gani, inauzwa bei gani, hayo mtayakuta kwenye matangazo yao. Mimi nina swichi moja tu ya kuzungumzia.

Swichi ya ngazi.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, Dar es Salaam, kazi ya miaka mingi. Zamani ramani ya umeme nilikuwa naichora kwa penseli juu ya fotokopi ya ramani ya nyumba, na sikumbuki mtu aliyewahi kulalamika. Siku hizi mteja akikuona umeshika penseli anaanza kupunguza bei hapo hapo. Nikaona isiwe tabu, nikanunua programu, tena ya hela, kwenye duka moja la mjini lenye kiyoyozi.

Kituko cha kwanza kilikuwa maktaba ya alama iliyokuja nayo. Fungua sehemu ya umeme wa majengo: yote Kimarekani. Swichi kwao ni herufi S. Basi, S imekaa ukutani kama imepotea njia. Soketi ni duara lenye mistari miwili sambamba, maana soketi yao ya kawaida ni ya plagi mbili. Halafu ile swichi ya ngazi, unayowasha chini ukaenda kuzimia juu, sisi tumefundishwa kuiita njia mbili. Wao wanaiita njia tatu na wanaiandika S3. Mpe kijana aliyetoka VETA, chuo cha ufundi, mchoro wenye S3 uone. Atazunguka nyumba nzima akitafuta swichi ya tatu iko wapi. Kwetu huku tunachora kwa alama za IEC, viwango vya kimataifa vya umeme: swichi ni kiduara chenye mkia uliopinda ncha, ya njia mbili ina mikia miwili inayotazama pande tofauti, taa ni duara lenye msalaba wa mshazari ndani yake, soketi ni nusu duara. Hizo nilizitafuta, nikaona zimefichwa kwenye kifurushi kingine cha kulipia. Nikasema sitoi hata mia. Nitajitengenezea.

Na hapa lazima niwe mkweli, maana hasira isiniharibie ushahidi: kujitengenezea alama ni kutamu. Nilikaa usiku mzima kama mtoto aliyepewa baiskeli. Unachora kiduara, unachora mkia, unaweka nukta za kuungia pale unapotaka waya ushike, unabonyeza hifadhi, tayari una alama mama. Kila ukiivuta kwenye karatasi inazaa nakala. Kuna vile vishikio vya njano, kidogo nivipende kuliko mke: unaweza kukiambia kishikio kimoja kikivutwa mkia wa swichi ugeuke, kingine kikivutwa soketi moja iwe mbili. Niliitengeneza swichi ya njia mbili ikawa inageuza mikia yake kwa kukivuta kishikio kimoja tu. Nikamwamsha binti yangu nimwoneshe. Akasema, "Baba, saa nane hii."

Mitindo nayo vivyo hivyo. Waya wa taa nikaupa unene wa 0.35 mm, njia kuu kutoka kwenye Luku, ile mita, kwenda kwenye DB, boksi la kugawia umeme, nikaipa 0.7, nikaihifadhi kwa majina yangu mwenyewe, na tangu hapo nikibadilisha mtindo mmoja, kila mstari wenye jina hilo unabadilika kwenye kurasa zote. Kwa penseli hiyo ni kazi ya siku mbili na kifutio kizima. Wiki hizo ungeniuliza ningekupa nyota tano na namba ya simu ya duka.

Sasa ikaja nyumba ya Kibada. Ghorofa moja, ngazi katikati, mama mwenye nyumba anajua anachokitaka. Nilimchorea ramani ya umeme yote, kipimo 1:50, nikaenda nayo, akaivalia miwani. Akasema, "Fundi, ni nzuri, lakini nitajuaje swichi ipi ya taa ipi? Ziwekee herufi." Haki yake. Nikarudi nyumbani, nikafungua alama mama ya swichi, nikaongeza kisanduku cha herufi upande wa kulia. Nikakifanya kipana, mm 16, ili hata herufi mbili zienee. Nikabonyeza hifadhi. Ikauliza kama isasishe nakala zote. Ndiyo. Nilibonyeza ndiyo kama mtu anayepokea chai.

Sikilizeni sasa. Kila alama ina kitovu chake, nukta ambayo programu inaishikia alama pale ilipo kwenye karatasi. Mimi nilikiacha kitovu katikati ya kiduara. Nilipoongeza kile kisanduku, umbo likapanuka kwenda kulia, na programu, bila kuniuliza wala kunong'ona, ikakihamisha kitovu kwenda kwenye katikati mpya. Nusu ya 16 ni 8. Kwa hiyo kila swichi kwenye mchoro ikajivuta mm 8 kwenda kushoto. Zile nilizokuwa nimezigeuza ziufuate ukuta zikajivuta juu, nyingine chini, kila moja kwa upande wake. Mm 8 kwenye karatasi ya 1:50 ni sm 40 ukutani. Sentimita arobaini!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nyaya hazikukatika. Laiti zingekatika ningeona, mchoro ungekuwa umechanika kama chandarua cha kale. Lakini nukta za kuungia zilifanya kazi yake vizuri mno: swichi ilipohama, waya ulihama nayo, umenyooka, safi, mzuri wa kutazama. Uongo uliopigwa pasi.

Nikachapisha A3, nikawapa vijana. Nakiri, sikukagua. Nilikuwa nimeikagua mara tatu kabla ya herufi, nikajua kilichoongezeka ni herufi tu. Vijana wangu ni waaminifu, wanapima kwa tepu kama walivyoelekezwa. Wakachimba ukuta, wakapitisha mabomba, wakaweka boksi za swichi, na fundi wa plasta akaja nyuma yao. Nyingi zilisogea sehemu isiyo na madhara, ukutani ni ukutani. Ila ya juu ya ngazi ilikuwa na mlango wa chumba jirani yake, mlango wa sm 90 unaofungukia ukutani, na mimi nilikuwa nimeiweka swichi mbele kidogo ya pale mlango unapoishia. Toa sm 40.

Mama alikuja kukagua siku ya kwanza baada ya plasta. Akapanda ngazi, akafungua mlango, akautazama ukuta, akafunga mlango, akaufungua tena. Kisha akaniita kwa upole ambao bora angenitukana. "Fundi. Mimi nikipanda hapa usiku na mjukuu mkononi, nitaingia kwanza nyuma ya mlango ndiyo niwashe taa?"

Nilibomoa kwa hela yangu. Plasta kwa hela yangu. Lakini hasira yangu haikuwa hapo bado. Nilidhani nimekosea mimi. Nilipofungua mchoro usiku ule, nikafungua na faili la zamani nililokuwa nimelihifadhi kabla ya herufi, nikaziweka ubavu kwa ubavu, ndipo nikaona zote zimehama kipimo kile kile. Mtu hawezi kukosea kwa usawa namna ile. Hiyo ni mashine.

Kesho yake nikabeba kompyuta mpaka dukani. Kijana wa kaunta, umri wa mwanangu wa mwisho, hakunyanyua macho kwenye simu. Shikamoo sikuisikia, nikaimeza. Nikamweleza taratibu, nikamwonesha mafaili mawili. Akatazama kama sekunde kumi akasema, "Kaka, ndivyo inavyotakiwa kufanya." Nikamuuliza, inavyotakiwa na nani? Akasema nisome maelekezo. Nikamwambia nimesoma, nionyeshe ukurasa. Hapo ndipo akaniambia neno ambalo mpaka leo nikiwa naoga nalijibu peke yangu: "Unajua hii programu ni ya mainjinia. Wewe si fundi wa waya?"

Ni fundi wa waya, ndiyo. Na waya ndio unaoiwasha hiyo taa ya juu ya kichwa chako na hicho kiyoyozi kinachokupa kiburi. Sikusema hivyo. Nilisema "haya, asante," nikafunga kompyuta. Majibu mazuri yalinijia nikiwa kwenye daladala, kama kawaida yake.

Basi kuanzia hapo programu nzima nikaiona mbaya. Ikichelewa kufunguka, ni dharau. Ikiniuliza kama nataka kuhifadhi, nilikuwa nasikia sauti ya yule kijana. Rangi ya menyu nikaanza kuichukia, rangi ambayo miezi miwili nyuma nilikuwa naisifia kwa watu. Binti yangu akanionea huruma akanionesha Dia, programu nyingine ya kuchorea, ya bure. Huko alama ni faili la maandishi, XML. Umbo unaliandika kwa lugha ya SVG, na nukta za kuungia unazitaja kwa namba, x hapa, y hapa. Jamani, mimi fundi wa waya niliandika soketi kwa maandishi! Ilinichukua Jumapili yote, na soketi yenyewe ilikuwa imeinama kidogo, lakini nilichoandika ndicho kilichokaa. Sikuhamia huko, kwa sababu hela ya ile nyingine ilishatoka mfukoni na hela iliyotoka inamvuta mwenyewe nyuma kama kamba. Ila ilinifundisha jambo: kumbe kitovu ni namba tu. Na namba lazima kuna mahali imeandikwa.

Nikarudi kuwinda. Usiku mmoja umeme ulikatika, uliporudi nikawa sina usingizi, nikafungua kila kichupo cha kihariri cha alama. Ndani kabisa, chini ya sehemu ambayo haionekani mpaka uwashe kwanza menyu ya wataalamu, nikakuta kisanduku kidogo cha kuweka tiki: usikokotoe upya kitovu umbo likibadilika. Kipo! Kisanduku kipo! Nikakiweka tiki, nikarudia kosa lile lile kwa makusudi kwenye nakala ya faili: nikaongeza herufi, nikahifadhi, nikasasisha zote. Hakuna swichi iliyotikisika. Zimekaa kama zimepigiliwa misumari.

Hapo moyo ukalainika, nisiwafiche. Kwa sababu baada ya kujua hilo, programu hii haina mpinzani kwangu. Alama zangu zote sasa nimezijaza taarifa ndani, soketi inajua ni ya ampea 13, taa inajua iko saketi ipi, na nikibonyeza mara moja inanitolea jedwali la vifaa vyote, limehesabiwa. Juzi nilikwenda Kariakoo na jedwali hilo, nikanunua, nikarudi, haikubaki boksi wala haikupungua. Hiyo kwa fundi ni sawa na mshahara. Nilikuwa nimeshaamua nyota nne, naandika haya nikiwa na roho safi.

Lakini hebu ngojeni kwanza. Kile kisanduku kwa nini kimefichwa? Na kwa nini kinakuja bila tiki? Mtu aliyekibuni alijua kabisa kwamba kitovu kinahama, ndiyo maana akaweka dawa, halafu dawa akaifungia kabatini na funguo akampa injinia. Ungeniuliza tu, sentensi moja: "nakala 31 zitasogea, tuendelee?" Unaniuliza kama nataka kuhifadhi mara kumi kwa siku, la kuhamisha ukuta wa mtu hukuniuliza! Na yule kijana, ambaye duka lake linauza leseni hii kila siku, hakukijua kisanduku hicho. Ningemsamehe kutojua. Hata mimi sikujua. Lakini alikuwa hajui na ananiambia mimi ndiye nisiyefaa.

Kwa hiyo nyota mbili. Tatu kwa vishikio vya njano na jedwali, mbili kwa yote. Yule kijana simpi kitu, naye hana habari.

Anayetaka kuitumia: washa menyu ya wataalamu siku ya kwanza, weka tiki kwenye kitovu kabla hujachora hata duara, na kila ukigusa alama mama chapisha upya upime kwa rula dhidi ya karatasi ya zamani. Mimi siku hizi rula inakaa juu ya kibodi. Binti ananicheka, eti nimenunua kompyuta ya kuwekea rula.

Nimeifungua sasa hivi ili nitazame maneno ya kile kisanduku niyaandike sawasawa, nimekuta apdeti mpya inasubiri. Imeandikwa "maboresho kwenye kihariri cha alama". Siigusi mpaka nyumba ya Kibada ikabidhiwe.