Pembe ya ANB au kipimo cha Wits?

Vyote viwili hupima, kwenye eksirei ya kichwa iliyopigwa kutoka upande, jinsi taya la juu na la chini yalivyopishana mbele na nyuma. ANB, pembe kati ya nukta tatu, husomwa haraka: N ni pale mfupa wa paji unapokutana na mifupa ya pua, A iko taya la juu, B taya la chini. Cecil Steiner, daktari wa kupanga meno, alichukua nyuzi 2 kuwa kawaida. Shida ni N yenyewe: ikiwa mbele zaidi, pembe hupungua ingawa mataya hayajasogea hata kidogo.

Wits, kipimo alichokieleza Jacobson, naye daktari wa kupanga meno, mwaka 1975 kwa jina la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, huiacha N kabisa. Unapima milimita kati ya A na B kwenye mstari wa meno yanapoumana. Lakini kwa mtoto anayebadilisha meno, mstari huo utauchora wapi? Hapo mimi huiamini zaidi ANB.