Kirikuu ya Kuvuta kwa Magurudumu Manne: Ipi Inafaa Barabara za Milimani?

Mkulima wa Lushoto anayetafuta gari la kubebea kabichi na viazi huambiwa mara kwa mara kwamba kirikuu, yaani pikapu ndogo ya Kijapani yenye injini ya cc 660, haiwezi mlima. Kauli hiyo si sahihi, na inaweza kumsukuma mtu kununua pikapu kubwa ambayo mafuta na vipuri vyake vitameza faida yote ya shamba.

Tufanye hesabu. Kirikuu tupu ina uzito wa kilo 700 na ushei. Ukiongeza dereva, msaidizi na mzigo wa kilo 350, ambao ndio ukomo wa sheria ya Japani kwa magari ya daraja hili, unafika kama kilo 1,200. Kupanda barabara ya udongo yenye mwinuko wa asilimia 20 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa hakuhitaji hata nguvu farasi 20, ilhali injini nyingi za magari haya, hata zisizo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), hutoa zaidi ya 45. Kuupanda mwinuko huohuo kwa kilomita 60 kwa saa kungehitaji takriban 60, na hapo ndipo injini hizi hushindwa. Zaidi ya hayo, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Gari litapanda, lakini polepole. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lihusu gia za gari.

Chaguo langu la kwanza ni Suzuki Carry ya gia za mkono yenye gia nzito za ziada, yaani ile ambayo dereva anaweza kuchagua seti ya mwendo wa kawaida au seti ya mwendo wa taratibu wenye nguvu. Si kila Carry inayovuta kwa magurudumu manne inazo, kwa hiyo usiridhike na picha ya muuzaji. Ingia ndani utazame swichi au mkono wa gia hizo. Carry inaongoza pia kwa sababu mafundi wengi wa Tanzania wanaifahamu na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Mazda Scrum ni Carry ileile yenye nembo nyingine.

Ya pili ni Daihatsu Hijet, hasa iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima, yenye springi ngumu na kufuli ya difu ya nyuma. Tairi moja likiteleza kwenye tope, kufuli hiyo hulilazimisha la pili lisukume, na katika njia za vijijini baada ya mvua msaada huo ni mkubwa kuliko farasi kumi za nyongeza.

Kwa kupanda peke yake, ningeitanguliza Subaru Sambar. Injini yake ya silinda nne imekaa nyuma, hivyo uzito unayakandamiza magurudumu ya nyuma pale hasa gari linapoinua pua, na baadhi zina supachaja (kifaa chenye kazi kama ya turbo) pamoja na gia ya ziada iliyo chini ya namba moja. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu Subaru iliacha kuitengeneza mwaka 2012 na vipuri vya injini hiyo ni vigumu kupata. Sambar za baadaye ni Hijet. Kwa mnunuzi wa Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, Sambar ya asili imeshatoka kwenye orodha.

Honda Acty ni gari zuri, lakini nyingi hupeleka nguvu mbele zenyewe baada ya tairi za nyuma kuanza kuteleza, na kwenye utelezi mkali ningependa kuamua mwenyewe mapema. Mitsubishi Minicab inunue ukiipata kwa bei nzuri na ikiwa safi. Ya gia otomatiki, ya kampuni yoyote, iache kama kazi yako ni mlima na mzigo.

Kumbuka pia kwamba barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya lami. Usiwashe mvuto wa magurudumu manne kwenye lami kavu, kwa maana mifumo mingi ya aina hii itakaza na kuharibu gia. Utumie ukiiacha lami kuelekea vijijini. Wakati wa kushuka, weka gia namba mbili tangu juu ili injini ilizuie gari, kwa sababu breki zilizopata moto hazishiki. Na kilo 350 ni magunia matatu na nusu ya kilo 100; lumbesa tatu tayari zimevuka kipimo.

Kabla ya kulipa, omba gari lijaribiwe likiwa na mzigo. Lisimamishe katikati ya mlima, kisha uliondoe kwa namba moja. Injini ikinguruma huku gari likisogea kwa shida, na harufu ya kuungua ikaingia ndani, klachi imekwisha. Kisha inama chini ya bodi, ugonge chasisi kwa bisibisi pale springi za nyuma zinapofungwa: gari lililotumika kwenye theluji ya Japani huanza kuoza hapo, na bisibisi ikizama, tafuta jingine.