Nilinunua cheni za Bobcat, dharau nikapewa bure

"Mama, naomba unipe mzee niongee naye." Hayo ndiyo niliyojibiwa kwa simu na aliyeniuzia cheni za kuvisha juu ya tairi, siku cheni ya kushoto ilipochomoka, mashine yangu ya kupakia magogo ikiwa imekaa mshazari kwenye mteremko, gogo la paini likiwa bado kwenye uma, mvua ikinyesha na lori la mteja likiunguruma getini. Mzee gani? Mashine ni yangu, kiwanda cha kupasua mbao ni changu, na fedha iliyolipia cheni hizo ilitoka kwenye simu yangu kwa jina langu, jina ambalo muuzaji huyo mwenyewe alilisoma kwa sauti alipothibitisha kwamba malipo yameingia. Nimekusudia kuandika kuhusu cheni na nitaandika kuhusu cheni, ila msomaji anisamehe sentensi hiyo ikirudi tena na tena, maana mpaka leo bado naisikia.

Kazi zangu ziko nje kidogo ya Mafinga, upande wa kuelekea Sao Hill, na udongo wa uwanja wangu ni ule mwekundu ambao ukikauka unakuwa tofali na ukinyeshewa unakuwa sabuni. Kifuku chetu kinaanza mwishoni mwa mwaka na hakituachii mpaka Aprili au Mei, na katika miezi hiyo yote magogo hayaachi kuingia, kwa hiyo huwezi kuniambia nisubiri pakauke. Mashine ninayoizungumzia ni ile ndogo ya kupakia ambayo kwetu kila mtu anaiita Bobcat, ingawa yangu imetengenezwa na kampuni nyingine. Magurudumu yake hayakunjwi. Ikitaka kukata kona, tairi za upande mmoja huzunguka kwa kasi kuliko za upande wa pili, au hata hurudi nyuma, na mashine nzima hujiburuza mpaka itazame inakotaka. Kwenye sakafu ngumu jambo hilo ni raha kulitazama. Kwenye udongo wangu wa mwezi wa pili, kila kona ni kusugua, kila kusugua ni shimo, na mashine ikishanyanyua gogo uzito mwingi unahamia ekseli ya mbele, tairi za mbele zikazama na za nyuma zikabaki kuzunguka bila kushika kitu. Mashine za jamii hii zilianzia Minnesota, Marekani, mwaka 1957, pale ndugu wawili wa ukoo wa Keller walipomtengenezea mfugaji wa batamzinga kipakiaji kidogo cha magurudumu matatu cha kusafishia mabanda yake. Nikikumbuka hilo huwa naionea huruma yangu: asili yake ni bandani, nami naidai ipande mlima na gogo.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuuza hii na kununua iliyotoka kiwandani na cheni zake, na bei niliyotajiwa ilinifanya nishukuru na kukata simu. Ya pili ilikuwa kung'oa matairi yote manne na kufunga kwenye habu, yaani vitovu vya magurudumu, mfumo kamili, wenye gurudumu lake la meno, roli zake na mkanda wa mpira, ambao nao unataka mfuko mrefu. Ya tatu, niliyoichagua, ni cheni zinazovishwa juu ya tairi: tairi mbili za kila upande zinazungushiwa cheni moja, kisha unaifunga kwa pini. Nilichukua za chuma kwa sababu uwanja wangu umejaa maganda ya miti na tope, na niliogopa kwamba mpira ukishashiba tope utateleza kama tairi tu. Uamuzi huo siujutii hata kidogo.

Sasa nifike kwenye siku ya kufunga. Muuzaji alikuja mwenyewe na gari, amevaa raba nyeupe, nyeupe kabisa, za mtu ambaye hakuambiwa kwamba anakwenda kwenye kiwanda cha mbao wakati wa mvua. Aliomba apewe banzi la kukanyagia, akapewa, na juu ya banzi hilo alisimama tangu mwanzo mpaka mwisho kama mtu anayesubiri kivuko. Vijana wangu walitandaza cheni chini, opereta akaipandisha mashine juu yake taratibu, wakaivuta ncha kwa kamba juu ya tairi, wakaikutanisha na ncha ya pili na kugonga pini. Mtu wa kwanza kuona kasoro nilikuwa mimi. Niliinama nikapitisha mkono kati ya ukingo wa ndani wa cheni na ubavu wa mashine, na vidole viwili vilivyolala havikupita. Nikamuuliza, kwa adabu, kama hakuna haja ya zile spesa, yaani vipande vya chuma vinavyofungwa kati ya habu na rimu ili kuisukuma tairi nje, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mashine nyingi haziwezi kuvaa cheni bila hizo. Hakuinama. Kutoka pale kwenye banzi lake alinitazama, akamgeukia opereta wangu, kijana ninayemlipa mshahara, akamjibu yeye: "Mwambie mama asiwe na wasiwasi, spesa ni za mashine kubwa."

Asingehitaji kupima kwa mashine yoyote ya kisasa. Angepiga goti moja tu angeona nilichokiona mimi, na huenda angeona pia ambacho mimi sikukiona, nami nitakisema mbele kwa sababu katika hicho sina usafi wa kujisifia.

Siku za mwanzo, nisiwe mwongo, nilifurahi mpaka nikaona haya. Mashine ilipanda mteremko wa kwenye rundo la magogo bila kutikisika, ikapita mahali ambapo wiki iliyotangulia tuliivuta kwa trekta la jirani, na opereta alikuwa anashuka kila mara kutazama alama za cheni kwenye tope kama mtu anayetazama mwandiko wake. Nilimpigia muuzaji kumshukuru. Ndiyo, nilimpigia kumshukuru, na hilo nalo linaniuma.

Kisha ikaanza sauti. Kwanza ilikuwa mkwaruzo mdogo upande wa kushoto wakati wa kona tu, halafu ikawa kila mzunguko, na jioni tulipoosha tope tukakuta rangi ya ubavuni imelika mpaka chuma kinang'aa kama sarafu. Nilituma picha. Nikajibiwa kwa alama ya kidole gumba. Siku chache baadaye, asubuhi ya ukungu na manyunyu, opereta akiwa na gogo mbele na akikata kona kwenye mteremko, cheni ya kushoto ilipanda juu ya bega la tairi ya nyuma, ikakaa hapo kidogo kana kwamba inafikiri, kisha ikamwagika yote upande wa nje. Mashine ikaserereka kiasi cha urefu wake na kusimama. Kijana hakuumia, na kwa hilo namshukuru Mungu kabla ya kuendelea na lolote jingine.

Ndipo nilipopiga simu, na ndipo nilipoambiwa nimpe mzee. Nilipomweleza kwamba hakuna mzee, mwenye mashine ndiye anayeongea, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba opereta wangu hajui kuendesha mashine ya cheni na kwamba cheni zikishavishwa zimeshavishwa. Tulitumia siku nzima pale mteremkoni na jeki, mabanzi na tindo, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, ili kuirudisha cheni tu na kuishusha mashine mpaka penye tambarare, na lori la mteja liliondoka bila mzigo. Usiku huo ningeandika uzoefu huu ungekuwa na mstari mmoja: msinunue cheni za kuvisha juu ya tairi, ni mtego. Nashukuru nililala kwanza.

Aliyenitoa kwenye hasira ni fundi mmoja mkongwe wa Makambako, mtu wa maneno machache, ambaye baada ya shikamoo na chai alitoa mfukoni kamba ya manila, akaizungusha kwenye tairi ya mbele ya kushoto, akafunga fundo pale ilipokutana, kisha akaizungusha kwenye tairi ya nyuma ya upande uleule. Fundo lilipitiliza. Lilipitiliza kwa upana wa vidole vinne, na aliuacha mkono wake pale ili niutazame vizuri. Tairi za mbele zilikuwa mpya, za nyuma kuukuu. Nilinunua mbili kwa kubana matumizi na kuacha mbili zilizolika, na hilo ndilo kosa langu ambalo nimelizungukia tangu juu. Alinieleza kwamba kwenye mashine hizi tairi mbili za upande mmoja zinaendeshwa na mota moja kwa minyororo iliyofichwa ndani ya mwili wa mashine, kwa hiyo zinazunguka idadi ileile wakati wote. Tairi kubwa na tairi ndogo zikifungwa ndani ya cheni moja, kubwa inataka kuisukuma cheni mbele kuliko ndogo inavyoweza kuipokea, zinavutana humo ndani, na cheni hutafuta pa kutokea. Ukiongeza upepo usiolingana, ukaongeza cheni iliyolegea, ukaongeza ubavu wa mashine unaoisukuma kwa sababu hakuna spesa, basi kilichobaki ni kona moja ya mteremko.

Mimi, kwa ujanja wangu, nikapendekeza tuweke mbili mpya upande mmoja na mbili kuukuu upande wa pili, ili kila cheni iwe na mapacha wake. Alicheka, si kwa dharau, akasema mashine itakuwa inavuta upande mmoja siku zote kama ng'ombe aliyefungwa nira na ndama. Nikanunua nyingine mbili. Spesa niliziagiza kwa muuzaji mwingine zikaja kwa basi, pamoja na boliti zake ndefu, kwa kuwa fundi alikataa katakata wazo la kuzikerezesha kwa chuma cha kuokoteza, akisema kipande hicho ndicho kitakachobeba mashine nzima na gogo lake. Tulisawazisha upepo tairi zote nne, tukaifunga cheni ikiwa na ulegevu kidogo wa kuinyanyua kwa mkono kati ya tairi mbili, kwa sababu ikikazwa mno beringi za ekseli ndizo zinazolipa, na ile minyororo ya ndani nayo inateseka.

Tangu hapo imepita misimu, sikumbuki vizuri kama ni miwili au imeingia wa tatu, na cheni hazijachomoka tena. Opereta amejifunza kukata kona kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara mbili tatu badala ya kuizungusha mashine papo hapo, na kila jioni anachokoa maganda na tope kati ya cheni na tairi kabla havijagandamana, kazi ambayo katika baridi ya mvua hapa Mufindi haina mtu anayeigombania. Kwa kazi ya tope, cheni hizi zimenipa miezi ambayo zamani nilikuwa naifuta kwenye kalenda. Hata hivyo sisemi kwamba ni nzuri kwa kila mtu. Penye ukavu zinatikisa mpaka meno, zinakunywa dizeli zaidi, na zimeichana sakafu ya saruji ya ghala langu kwa mistari ambayo naiona kila nikifungua mlango, kwa hiyo kiangazi tunazivua. Mwenye uwanja mgumu na mteremko mdogo atakuwa amenunua uzito wa bure.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nazipendekeza, nitasema ndiyo. Kisha nikikumbuka lile banzi na zile raba nitasema hapana. Kisha mvua ikinyesha nikasikia mashine inapanda na gogo bila kuhema, nitasema ndiyo tena, kwa sharti kwamba ununue spesa siku hiyohiyo, upime tairi kwa kamba wewe mwenyewe, na usimlipe salio mtu yeyote ambaye hajapiga goti kwenye tope. Fedha ya spesa sikurudishiwa. Samahani sikuombwa. Zile cheni zenyewe, lazima nikiri, ni chuma kizuri, na hakuna kiungo hata kimoja kilichopasuka mpaka leo, jambo linaloniudhi kwa namna yake kwa sababu lingenirahisishia hukumu.

Majuzi yule muuzaji alipiga. Hakuikumbuka namba yangu, au aliikumbuka akajifanya hakuikumbuka, akasema amepata cheni za mpira za bei ya chini na amesikia kwamba kiwandani hapa kuna mashine ya pili, hivyo anaomba kuongea na mzee. Nikamwambia mzee hayupo.